Ukuta wa Akina Mama Upande wa Ziwani

Nakumbuka Jumapili moja, kengele ya kanisa imeshalia mara ya pili, na mimi badala ya kuwa ibadani na mama yangu nilikuwa kwenye kiwanja cha ujenzi, nyundo mkononi, nabomoa ukuta ambao mama yangu huyo huyo alikuwa ameujenga. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na cheti cha ufundi ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Mwanangu, ukimwona kijana mwenye cheti kipya na nyundo, mwombee kwanza, ndipo umpe kazi.

Ukuta huo ni wa ukumbi wetu wa mji. Unaupita kila siku hapa Babati ukiwa nyuma ya bodaboda, macho kwenye simu, na labda umeshacheza kwenye harusi za watu mle ndani mpaka viatu vikakuuma. Lakini kuupita siyo kuujua. Kwa hiyo kaa kidogo nikueleze ulivyojengwa, maana kosa langu halieleweki bila ukumbi wenyewe.

Siku hizo Manyara haikuwa mkoa. Tulikuwa wilaya ya mkoa wa Arusha, na Babati ilikuwa barabara, soko, maduka machache na vumbi la kutosha. Mikutano ya watu wote ilifanyika uwanja wa soko. Jua likiwaka, wazee walijifunika makoti vichwani. Mvua ikinyesha, mkutano umekwisha, hata kama mtu alikuwa katikati ya neno. Kuna shauri moja la mahali pa kuchimba kisima ambalo liliahirishwa mara tatu kwa sababu ya mvua, jambo lililowachekesha watu na kuwaudhi kwa pamoja. Mara ya tatu mzee mmoja alisimama, maji yanamtiririka masikioni, akasema, "Jamani, tujenge nyumba ya kugombania." Ndivyo ukumbi ulivyoanza. Usiwasikilize watu wanaokwambia ulianza kwa barua ya serikali.

Makubaliano yalikuwa kwamba serikali itatoa saruji, mbao na bati, na wananchi tutatoa mawe, mchanga, maji na mikono. Kila mtaa ukapewa kipande chake cha ukuta kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Ndiyo maana ukienda leo ukauzunguka taratibu, utaona kuta zake hazifanani. Yale mawe makubwa meusi ya mbele yaliteremshwa kutoka chini ya Mlima Kwaraa na watu wa upande huo, na wanajivuna nayo mpaka kesho. Kipande cha Maisaka, kwetu, kina mawe madogo madogo yaliyopangwa kwa ubishi, na ubishi huo unaonekana hadi leo kwa sababu safu hazilingani. Paa ni la migongo minne, na bati limeshushwa mpaka juu ya baraza ili mvua isiwahi kupiga kuta. Madirisha yako juu kuliko kimo cha mtu. Fundi Matle, aliyekuwa mkuu wa kazi, alisema mtu akiweza kuona nje hatasikiliza hotuba. Milango miwili inatazamana, na yeye alisema hiyo ni kwa ajili ya hewa. Wazee wakasema ni ili waliogombana watoke bila kugongana.

Huyo Fundi Matle alikuwa mzee mfupi, mkimya, aliyejenga makanisa na shule za eneo lote hili, na hakuwa na cheti hata kimoja. Timazi yake ya kupimia kama ukuta uko wima ilikuwa nati kuukuu ya trekta iliyofungwa kwenye uzi. Ya kwangu nilipewa chuoni, ya shaba, inang'aa, na nilikuwa nikiipangusa kwa kitambaa kila jioni. Sikumdharau fundi, la hasha. Nilimhurumia tu, na kumhurumia mtu anayekuzidi ni dharau iliyovaa nguo za Jumapili.

Sasa sikiliza jambo la ardhi. Kiwanja kile kina tabia mbili. Upande wa barabara ni moramu ngumu, sururu inaruka. Upande wa ziwani kiwanja kinashuka, na udongo ni ule mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Ili sakafu iwe sawa, ilibidi upande huo wa chini ujengwe ukuta wa mawe unaofika kifuani, halafu ndani yake ijazwe kifusi, na kuta za ukumbi ndipo zipande juu yake. Mwanangu, shika hilo la kifusi. Mimi sikulishika.

Kipande hicho cha chini hakuna mtaa uliokitaka, kwa kuwa kilikuwa nyuma na hakionekani. Ndipo wakaja akina mama wa Nangara kwa Fundi Matle. Tangu msingi ulipochimbwa wao walikuwa wanabeba maji kutoka ziwani, wakitoka jua likishapanda, viboko wakiwa wameshaingia maji ya kina. Aliyewaongoza ni Mama Akonaay, mjane aliyelea watoto sita kwa jembe kwenye shamba la mteremko. Mama yangu alikuwa mmoja wao, maana ingawa tulihamia Maisaka, yeye alizaliwa Nangara na shamba lake lilikuwa huko.

"Maji tutaendelea kuleta," Mama Akonaay alisema. "Lakini na sisi tupe kipande."

Wanaume walicheka. Fundi Matle hakucheka. Aliuliza, "Mnajua kupanga mawe?"

"Njoo uone shamba langu."

Akaenda. Aliporudi aliwapa upande wa ziwani wote. Mimi nilidhani amewapa mahali ambapo makosa hayataonekana, nikaona ni busara ya mtu mzima.

Walijenga kwa namna yao. Mawe marefu waliyalaza mkia ukielekea ndani, mapengo wakayapigilia vijiwe kwa nyundo, na ukuta mzima ukawa umeegemea ndani kidogo, kuelekea kwenye kifusi. Nilikuwa napita naona, natikisa kichwa, naendelea na mawe ya mbele, nilikopangwa kwa sababu ya cheti changu.

Ukuta wao ulipofika kifuani, Fundi Matle ilibidi aende Arusha kufuatilia bati. Alisema atachukua kama wiki moja. Aliniita akaniambia, "Elia, wewe ndiye msimamizi. Usibadilishe kitu, angalia tu." Nilisikia neno moja katika maneno yote hayo, nalo ni msimamizi.

Jumamosi ile, watu wakishaondoka, nilichukua timazi yangu ya shaba nikaiteremsha kwenye ukuta wa akina mama. Juu, ukuta ulikuwa umeachana na uzi kwa vidole vinne. Vidole vinne, mwanangu! Chuoni tulikuwa tunagombezwa kwa kidole kimoja. Nilimwona akilini mkaguzi wa wilaya akija, anaangalia, anauliza msimamizi ni nani, na watu wananyoosha mkono kwangu.

Nilijiambia nitawasitiri. Nitabomoa kimya kimya, nijenge upya wima, na akina mama hawataaibika mbele ya mtu. Nilijiona mwema kweli. Leo nakwambia kweli ninayoijua: nilimwogopa Mama Akonaay. Nilijua nikimwambia ukuta wake umelala ataniuliza kwa nini nadhani umelala, na ataniuliza mbele ya watu. Ndiyo maana nikachagua Jumapili, saa ya ibada.

Ulikuwa mgumu kubomoka kuliko nilivyotarajia. Hilo nalo lilitakiwa kunifundisha, lakini kijana akishika nyundo masikio yanakuwa mbali. Nilipiga mpaka mikono ikachubuka, nikaangusha kipande cha hatua kama kumi, katikati kabisa. Nilipoinua kichwa, ibada imekwisha na watu wanapita kwenye njia ya kiwanjani wakiwa na Biblia zao na vitenge vya Jumapili. Akina mama walisimama. Mama yangu alisogea, akainama, akaokota kijiwe kimoja kati ya vile walivyovipigilia, akakiangalia, akakirudisha chini polepole kama mtu anayelaza yai. Akaenda nyumbani. Mchana alinipakulia chakula kama kawaida, nyama na yote, na hilo lilinitisha kuliko kama angenipiga.

Jumatatu asubuhi akina mama walikuja kama kawaida na ndoo zao na madebe. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, yamekwisha. Wakapita mbele yangu mmoja mmoja, wakazipanga ndoo kwenye lile pengo nililolifungua, zote kifudifudi, mstari mmoja ulionyooka kuliko ukuta wowote niliowahi kujenga. Zilikuwa tupu.

"Maji yamekauka, msimamizi," Mama Akonaay alisema. Wakaondoka.

Bila maji hakuna udongo wa kujengea, hakuna zege, hakuna kazi. Na ndoo zile hakuna mwanaume aliyethubutu kuzigusa, kwa sababu kila mmoja aliona pale ndoo ya mke wake au ya mama yake. Bwana mmoja tuliyekuwa tunajenga naye kipande cha mbele alinijia, akaniambia kwa upole, "Elia, ndoo yetu iko hapa; mimi leo nimekunywa chai ya jana kwa sababu yako."

Jambo lililonikosesha raha zaidi lilikuwa juu, siyo chini. Mawingu yalianza kukaa kichwani mwa Kwaraa, na mwenyeji wa Babati hahitaji redio akiyaona yale. Pengo langu lilikuwa wazi upande wa chini. Mvua ikinyesha, maji yangeingia chini ya msingi, ule udongo mweusi ungevimba, na kuta zote za mawe, jasho la mitaa yote, zingepasuka kabla hazijaona bati. Mtu mmoja amefungua mlango wa kuangusha kazi ya mji mzima, na mtu huyo ni mimi.

Ungedhani hapo nilikwenda kuomba radhi. Hapana. Nilikwenda kuazima mkokoteni wa punda. Mimi na rafiki zangu wawili tulivuta maji kwa mapipa, na kwa siku tatu nilijenga kipande kile peke yangu, mawe yaliyochongwa, safu zimenyooka, wima mpaka timazi ikatulia ubavuni mwake kama mtoto aliyeshiba. Ndoo za akina mama sikuzigusa, nilijenga nyuma ya mstari wake nikiziruka. Nikajaza kifusi. Nikasimama mbali nikaangalia. Ulikuwa ukuta mzuri, nasema kweli, sijawahi kujenga mzuri kama ule.

Alhamisi alasiri mvua ilinyesha saa moja tu, mvua ya kubisha hodi. Ijumaa asubuhi ukuta wangu ulikuwa umetoa tumbo. Kifusi kilikuwa kimekunywa, kimeshiba, kinasukuma, na ufa umeshuka kutoka juu mpaka chini, vidole vyangu viwili vinaingia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta nikajipatia ufa.

Fundi Matle alirudi Jumamosi juu ya lori la bati. Alishuka, akazunguka kiwanja taratibu kama kawaida yake. Akaziona ndoo. Akaliona tumbo. Hakuuliza nani amefanya, maana uso wangu ulikuwa umeshajibu.

"Nani alikwambia ukuta wa akina mama ni mbovu?" aliuliza.

"Timazi, fundi."

Alinyoosha mkono nikampa. Akaipima uzito kiganjani, akaitazama ile shaba. "Kitu kizuri," akasema. "Kinakwambia ukuta umesimama au umelala. Ukuta una kazi gani, hakijui. Hilo ulitakiwa uulize kwa mdomo." Akanirudishia. "Nenda Nangara ukaone shamba nililoliona mimi."

Nilikwenda kwa miguu. Shamba la Mama Akonaay liko kwenye mteremko ambao wewe ungeuita ukuta. Lakini mahindi na maharage yamesimama pale kwa ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukingo wa mawe, na kila ukingo umeegemea mlima. Nyingine zilipangwa na mama mkwe wake, nyingine na mama wa huyo mama mkwe. Mvua zote zilizonyesha kabla sijazaliwa zimepita juu ya mawe yale, nayo yako pale pale. Niliteremsha macho, mwanangu. Timazi ilikuwa mfukoni na niliiona nzito.

Mama Akonaay alikuwa analima. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kupima?"

Nilikaa chini kwenye udongo. Hakunikejeli tena. Akaegemea jembe akanieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto wake kuvaa kiatu. "Udongo ukinywa maji unasukuma, kama ng'ombe anayetaka kutoka zizini. Ukisimama wima mbele yake anakuangusha. Ukimwegemea, anatulia. Ule ukuta wa chini haukuwekwa pale usimame, baba. Umewekwa uegemee."

Nikaomba radhi. Niliyatafuta maneno yote niliyonayo, ya Kiswahili na ya nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hapa nikusamehe nini? Hapa hujavunja kitu. Ulivunja kule, na ulivunja watu wakiwa kanisani. Jumatatu watu wote watakuwepo. Ubomoe wa kwako kwa mkono wako, mchana. Halafu utuombe kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Saidia fundi."

Nilimwomba iwe jioni, watu wakishaondoka. Nilimwomba hivyo bila aibu, fikiria! Akatikisa kichwa. "Kuharibu ulitaka pasiwe na watu. Kutengeneza, watakuwepo." Akarudi kwenye jembe lake.

Jumatatu nilivaa lile shati langu jeupe. Mama yangu, ambaye wiki nzima alikuwa ananisemesha mambo ya chumvi na kuni tu, aliniangalia mlangoni akasema, "Kabadilishe. Leo unakwenda kazini." Nikabadilisha.

Walikuwepo wote. Watu wa mlimani, Maisaka, wenye maduka walioacha maduka yao, hata mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukishindana chuoni, aliyekuja makusudi kutoka Dareda. Nilipiga nyundo ya kwanza kwenye ukuta wangu mzuri, na walicheka kicheko ambacho nikifumba macho nakisikia hata leo. Ya pili walicheka kidogo. Ilipofika ya kumi walikuwa wamenyamaza, na ikawa ngumu zaidi, kwa maana kicheko angalau kinakupa mtu wa kumkasirikia. Nilipomaliza, nikageuka nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama zangu, naomba kazi."

Mama Akonaay akaenda kwenye mstari wa ndoo, akaiinua ya kwake, akaiweka kichwani, akashika njia ya ziwani. Wengine wakafuata. Nililia, na sikujificha.

Waliporudi na maji, mama yangu ndiye aliyeanza kupanga upande niliokuwa nasaidia. "Nipe jiwe," akasema, bila kunitazama. Nikachagua jiwe zuri, lililonyooka, nikampa.

"Si hilo. Hilo ni la kuangalia. Nipe lenye mkia."

Lenye mkia ni jiwe refu, ambalo kichwa chake kinaonekana nje na mwili wake umezama ndani unashika kifusi. Jiwe hilo kwa nje halina uzuri wowote. Nikampa lingine. "Si hilo." Lingine. "Si hilo, Elia, umefundishwa nini huko?" Siku nzima nilisikia si hilo. Siku ya pili nikaanza kulijua jiwe kwa mkono kabla jicho halijalichagua. Siku ya tatu alasiri nikampa jiwe, akalipokea, akaliweka. Nikampa lingine, akaliweka. Lingine. Hakusema kitu. Mwanangu, nimejenga miaka arobaini, nimesifiwa na wakubwa kwa vipaza sauti, nimepewa na cheti kingine kikubwa kuliko kile cha kwanza. Hakuna sifa iliyonifurahisha kama kunyamaza kwa mama yangu alasiri ile.

Pengo lilizibwa siku ya nne. Masika yakaja wiki iliyofuata, yale yenyewe, ya kufunga barabara. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi kuweka kiganja kwenye ukuta ule kama mtu anayempima mtoto homa, na kila asubuhi ulikuwa umetulia. Bati likapanda. Mkutano wa kwanza ndani ya ukumbi ulikuwa wa kile kisima, watu wakagombana saa nne nzima huku mvua inapiga juu, na mahali pakapatikana.

Tangu hapo mengi yamepita mle ndani. Manyara ikawa mkoa, Babati ikawa makao yake, maofisi yakaja na watu wa kila kabila wakaja nayo. Barabara ikawekwa lami na malori yakaanza kutikisa madirisha. Ile sehemu ya mbele tuliyoijenga sisi wenye vyeti imeshapata nyufa, imeshazibwa, imeshapata nyingine. Upande wa ziwani hauna ufa. Nenda kautafute, ukiuona uniletee habari, nitakununulia soda.

Sasa ukumbi unataka kukarabatiwa, na ni jambo jema, bati lile limechoka kama mimi. Mwezi uliopita nilikuta pale kijana mmoja mwenye kofia ya njano na kale kamashine kanakopiga mwanga mwekundu. Akanisalimia, "Mambo vipi mzee," akaniangalia vizuri akajirekebisha, "Shikamoo."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Huu ukuta, mzee, umelala vibaya. Tutaupiga chini, siku mbili tu tumesimamisha mpya. Fresh kabisa."

Nilicheka mpaka nikaushika ukuta wenyewe nisianguke. Sikumkasirikia hata kidogo. Ningemkasirikiaje mtu ambaye nilishawahi kuwa yeye? Nikakaa kwenye baraza nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe. Alisikiliza vizuri, nampa haki yake. Mwishoni akauliza swali ambalo mimi sikuliuliza nikiwa na umri wake. "Kati ya waliojenga, kuna aliyebaki?"

Mama Akonaay ameshatangulia, na mama yangu pia. Yuko mmoja, Bibi Paulina, yuko Nangara kwa mjukuu wake. Miguu imemwacha lakini mdomo haujambo. Nikamwambia twende.

"Sasa hivi, mzee?"

"Sasa hivi. Au una uhakika atakungoja?"

Tukapanda bajaji. Bibi Paulina alikuwa ameketi juani, anachambua maharage. Kijana akasalimia, akachuchumaa, akafungua daftari, akaanza kumuuliza mambo ya mawe, na mkia, na mwegemeo. Bibi alimwacha aulize mpaka akaishiwa pumzi. Halafu akamuuliza yeye, "Una mama?"

"Ninaye, bibi. Yuko Singida."

"Mwaka huu umeshamuuliza kitu gani?"

Kijana akafikiri. Akafunua kurasa za nyuma za daftari lake, maharage yanaanguka kwenye ungo moja moja, halafu akalifunga. Bibi Paulina hakumsumbua zaidi. Akaweka ungo pembeni, akaanza kumweleza ukuta, tangu jiwe la chini.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Jifunze kila kifaa kipya kinacholetwa, wala usimsikilize mzee anayekwambia mashine ni ujinga; mimi timazi yangu ninayo mpaka leo na naipenda. Lakini ukikuta kitu kimelala, kimepinda, kimewekwa mahali ambapo wewe usingekiweka, usitangulize nyundo. Tanguliza mdomo. Mtafute aliyekiweka, umuulize kilikuwa na kazi gani, na umuulize mbele ya watu, hata kama unaogopa kuonekana hujui. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawaji na neno nyumbani kwako kama mjumbe wa nyumba kumi. Wewe ndiye wa kwenda, na uende leo, kwa maana wanaojua wanaondoka na hawaachi funguo mlangoni. Anza na walio ndani ya nyumba yako. Na ukishaharibu, maana utaharibu, usirudi kutengeneza kwa mlango wa nyuma. Simama pale pale ulipoharibu, jua likiwa limewaka, uombe kazi ya chini kabisa, uifanye mpaka aliyekosewa aache kukurekebisha.

Nenda sasa. Mungu wa mama zetu akupe kosa dogo mapema, likukinge na kubwa la uzeeni. Akupe watu wa kukucheka ambao bado watakuachia chakula. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyebaki peke yako unayejua, akuletee mtu wa kukuuliza.